Arabuko-Sokoke Yastahili Pia Picha Zilizotikiswa kwa Makusudi

Kwa wapiga picha wengi wa Malindi, picha iliyotikisika ni picha iliyoharibika, na hukumu hiyo hutolewa kabla mtazamaji hajauliza kama mtikisiko wenyewe ulikusudiwa. Sababu yake naielewa. Anayelipwa kupiga picha za harusi hawezi kumkabidhi bibi harusi uso usiotambulika, wala studio haiwezi kutoa picha ya pasipoti yenye ukungu. Lakini kanuni ya kazi hizo imehamishiwa msituni bila kufikiriwa, na matokeo yake ni kwamba Arabuko-Sokoke, msitu wa takriban kilomita za mraba 420 ambao ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia katika misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki, unaonekana katika picha zetu nyingi kama fujo tupu ya matawi. Mimi nashikilia kwamba kuisogeza kamera kwa makusudi wakati shata, yaani kile kifuniko cha ndani kinachofunguka ili mwanga uingie, iko wazi ni njia halali ya kuupiga picha msitu huo, na kwamba mara nyingine ndiyo njia iliyo karibu zaidi na kile ambacho jicho limekiona.

Namna ya kufanya inaelezeka kwa maneno machache. Mpiga picha huiacha shata wazi kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi, tuseme kati ya sehemu ya nane ya sekunde na sekunde nzima, na katika muda huo huisogeza kamera, mara nyingi kutoka juu kwenda chini kwa kuyafuata mashina. Kilichosimama wima huendelea kujichora juu ya mstari wake mwenyewe, kwa hiyo shina hubaki kuwa shina. Kilichotapakaa, kama vile majani, vijiti na madoa ya jua, huyeyuka kikawa rangi. Mkono uanze kusogea kabla ya kubonyeza na usikome mpaka shata ifunge, na kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani ya lenzi kizimwe, maana vinginevyo kitashindana na mkono.

Ugumu wa huku kwetu ni mwanga. Adhuhuri yenye jua kali, kwa ISO 100 (kiwango cha chini cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) na mwanya wa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, shata huhitaji kuwa wazi kwa sehemu moja tu ya 100 ya sekunde. Nusu sekunde ingeiunguza picha yote ikawa nyeupe. Ndiyo maana huvaliwa mbele ya lenzi kichujio cheusi, na kile kinachopunguza mwanga mara 64 hutosha kwa saa nyingi za mchana. Asiyekuwa nacho asubiri mawingu ya masika, au aingie msituni kunapopambazuka, akijua kwamba hapa, nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jua hupanda upesi na mwanga laini hauchelewi kutoweka.

Hata hivyo mbinu si kitu ikiwa mkono haukuongozwa na miti yenyewe, na hapa ndipo Arabuko-Sokoke inapomfundisha mtu zaidi kuliko mwongozo wowote wa kamera, kwa kuwa si msitu mmoja. Upande wa mashariki kuna msitu mchanganyiko, mzito na wenye kivuli, wenye mibambakofi na miti mingine mirefu. Humo mwendo wa wima ulionyooka unafaa, na giza la chini hukubali shata ya taratibu bila kichujio. Katikati kuna ukanda wa miti iitwayo mirihi uliosimama juu ya mchanga mweupe. Mirihi haikunyooka. Imeinama na kupinda, imeachana nafasi, na mwanga hupenya mpaka chini kisha huinuliwa tena na ule mchanga. Mtu akivuta kamera wima kama alivyofanya mashariki, atapata miti ya msitu mwingine kabisa. Inampasa aupinde mkono kama shina lilivyopinda, polepole, tena aiache anga nje ya fremu, kwa sababu kila upenyo wa anga huwa mchirizi mweupe unaoikata picha. Magharibi zaidi, juu ya udongo mwekundu, kuna vichaka vizito vya miti ya jamii ya Cynometra, vyenye mashina membamba yaliyosongamana hivi kwamba picha kali hunasa maelfu ya vijiti na kukosa umoja wake. Mwendo mfupi tu, wa upana wa kiganja, unatosha kuupandisha wekundu wa ardhi ndani ya mashina, na ghafla mahali hapo panaonekana jinsi panavyohisiwa na anayepita.

Mzee mmoja wa Kigiriama aliyezoea kuwatembeza wageni humo nilimwonyesha picha ya mirihi ambayo haikuwa na jani hata moja linalosomeka. Aliutaja mti bila kusita, akaeleza kwamba ameujua kwa rangi ya mchanga na kwa mwinamo wa mashina. Kwangu mimi ushahidi huo una uzito kuliko maoni ya mashabiki wa lenzi za bei ghali.

Wanaodai kwamba huu ni mtindo wa kupita tu wakumbuke kwamba mwaka 1874 wachoraji wa Paris walioitwa baadaye waimpreshonisti, waliojali mwanga kuliko umbo lililochorwa kwa ukamilifu, walifanya maonyesho yao ya kwanza katika iliyokuwa studio ya mpiga picha, Nadar. Katika miaka ya 1950 Ernst Haas, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, alipiga picha za rangi za mapigano ya fahali nchini Hispania kwa shata ya taratibu, mpaka miili ikawa mwendo mtupu, na mwaka 1962 MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, likaonyesha kazi zake za rangi. Kuna jambo moja zaidi ambalo nalipenda kuliko hayo. Mwaka 1891 Claude Monet, mmoja wa waimpreshonisti hao, alikuwa akichora mipopla kando ya mto Epte, miti hiyo ikanadiwa ili ikatwe, naye akashirikiana na mfanyabiashara wa mbao katika ununuzi ili isimame mpaka amalize kazi yake. Mchoraji aliyetaka kuonyesha mwanga tu alilazimika kushughulika na shoka.

Nasi tunalazimika. Mhuhu, mti unaotamaniwa na wachonga vinyago, umevunwa mno katika msitu huu, na hapo ndipo ninapoona mpaka wa njia hii ninayoitetea. Mwendo wa wima una tabia ya kufuta: kisiki hakina urefu wa kujichora, kwa hiyo hupotea, na eneo lililofyekwa linaweza kutoka likionekana tajiri na zima. Picha ya namna hiyo ni uongo, hata ikiwa nzuri kiasi gani, na anayejua alichokiona hana haki ya kuitundika. Vilevile mnana wa Clarke, ndege asiyepatikana popote duniani nje ya kaunti yetu ya Kilifi, anahitaji picha kali inayoonyesha kila unyoya, kwa maana mtafiti hawezi kumhesabu ndege kwa hisia.

Kwa hiyo mimi hupiga aina zote mbili katika safari ile ile. Penye visiki kamera hukaa juu ya stendi ya miguu mitatu, na chini ya kila picha iliyotikiswa ninayoitoa hadharani naandika sehemu ya msitu, aina ya miti, na kwamba kamera ilisogezwa kwa makusudi. Ningependa wanaoandaa maonyesho ya picha hapa Malindi waanze kudai maelezo hayo, badala ya kuzikataa picha zenyewe mlangoni.