Eti nasoma uongo

Yaani kuna kitu kinanikera jamani, ukikaa sebuleni na kitabu chako cha majini na nchi za angani lazima mtu aseme "we mtu mzima bado unasoma uongo, fuatilia habari ujue dunia inaendaje", na anayesema hajainua hata kichwa, kidole kinasukuma tu simu, vita, bei ya mafuta, nani kamjibu nani, afu anafungulia klipu sauti juu wote tusikie, hata kama mama yuko katikati ya kusimulia ya msibani kijijini. Shaaban Robert alitoa riwaya yake Kusadikika mwaka 1951, nchi inaelea hewani, Karama anajitetea mbele ya baraza kwa kueleza wajumbe waliotupwa gerezani kisa wameleta mawazo mapya, na hapo Mwingereza bado anatawala Tanganyika, sasa huo ni uongo gani? Mi sura ikiisha namuuliza dada angekuwa yeye angesema nini, tunabishana mpaka chai inapoa. Habari nazitaka pia, saa mbili usiku nasikiliza. Ila mama akiongea weka simu chini bwana, umsikilize amalize.