Vumilia ya barabarani na vumilia ya nyumbani

Siku ya harusi yangu niliambiwa "vumilia" mara nyingi kuliko nilivyoambiwa "hongera". Shangazi alisema, mama mkwe akasema, mchungaji akamalizia kwa kipaza sauti. Sikushtuka. Neno hilo nililizoea tangu kidato cha pili, kocha akinipigia kelele kando ya uwanja wa vumbi: vumilia, mizunguko miwili imebaki! Mume wangu naye ni mkimbiaji wa marathoni. Kwa hiyo tulianza maisha tukiwa watu wawili waliofunzwa kazi moja, kuumia bila uso kuonyesha. Wenye kukimbia wanaelewa. Mpinzani akikuona umekunja uso kilomita ya 30, anaongeza kasi hapo hapo.

Ujuzi huo ni dhahabu barabarani. Sebuleni ni sumu.

Mume wangu hukaa kambini Jumatatu hadi Jumamosi, kama walivyo wakimbiaji wengi wa huku kwetu Kenya, Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet. Jumamosi, baada ya fatleki, yaani mazoezi ya kubadilisha kasi, anakuja nyumbani. Anavua viatu barazani vikiwa vyekundu kwa udongo, anakunywa vikombe vitatu vya chai, analala. Mimi nimemwekea maneno ya siku sita: ada ya shule, ng'ombe aliyekataa kula, bati linalovuja juu ya kitanda cha watoto. Anajibu "sawa". Ada? Sawa. Ng'ombe? Sawa. Napandisha sauti, anageukia ukuta. Napandisha zaidi, anachukua jaketi na kwenda "kuona mtu" senta. Jumapili jioni anarudi kambini na hatujasemezana.

Miaka miwili tuliishi hivyo, na kila aliyetuona kanisani alisema ndoa yetu imetulia.

Kisha siku moja nikipekua friza nikitafuta nyama, chini kabisa nikakuta chupa ya maji ya nusu lita imeganda, imevishwa soksi. Sikuelewa. Jumamosi hiyo usiku nikasikia kitu kikiviringika sakafuni, grr, grr. Nikatoka taratibu. Alikuwa ameketi gizani jikoni akiisukuma ile chupa kwa unyayo, mbele, nyuma. Mguu ulikuwa umemuuma wiki tatu, na mbio za Ulaya zilikuwa zimebakiza wiki saba. Kocha alijua. Fizio anayetibu misuli yake alijua. Wakala alijua. Mimi ninayelala naye kitanda kimoja sikujua.

Nilikasirika kuliko ambavyo ningekasirika kama ningemkuta na mwanamke. Wengine mtanicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwenzangu mmoja niliyekimbia naye zamani ndiye aliyetuelekeza kwa mshauri nasaha mjini Eldoret. Nilienda na kesi yangu mkononi kama mtu anayeenda kwa chifu, nikiwa na tarehe, mashahidi na makosa ya huyu bwana kwa mpangilio. Mshauri aliyasikiliza, hakuyaandika. Akaniuliza, "Mama, ukiuliza ada mara ya tatu naye akanyamaza, unasikia nini mwilini?" Nikasema nasikia hasira. "Inakaa wapi?" Hapa kooni. "Na kabla ya hasira kufika kooni, kulikuwa na nini?" Swali hilo lilinichukua muda mrefu, hadi nikasikia bodaboda zikibishana bei nje ya dirisha. Nikasema naogopa nimekuwa mpishi wake wa Jumamosi tu, kwamba nikiondoka, atakachokosa ni chai.

Mume wangu akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka.

Yeye alifunguka kikao cha nne. Akimtazama mshauri alisema, "Nikimwambia mguu unauma, ataona nimekwisha. Na nikikwisha, sijui kama atabaki." Mshauri akamwambia, "Usiniambie mimi. Geuka umwambie yeye." Jamani, nimemwona mtu huyu akimaliza marathoni na damu ndani ya kiatu, lakini kugeuka kwenye kile kiti kulimshinda karibu dakika nzima.

Njia aliyoitumia mshauri inaitwa tiba ya wanandoa inayolenga hisia. Iliasisiwa Kanada miaka ya 1980 na Sue Johnson pamoja na Leslie Greenberg, na baadaye Johnson akaiegemeza zaidi kwenye kazi ya John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza aliyechunguza jinsi mtoto anavyoshikamana na mlezi wake. Mtoto akiogopa humtafuta mtu wake. Asipompata hulia, na akilia sana bila jibu, hunyamaza. Johnson alishikilia kwamba hata tukiwa watu wazima bado tuko vilevile. Katika wanandoa wanaogombana, mara nyingi mmoja hufukuza na mwenzake hukimbia. Anayefukuza hupiga kelele kwa sababu anaogopa kuachwa, anayekimbia hunyamaza kwa sababu anaogopa kuonekana ameshindwa. Kelele za mmoja huzidisha ukimya wa mwingine, na ukimya huo huzidisha kelele. Kazi ya kwanza ya mshauri ni kuwaonyesha mduara huo ili mwache kushtakiana, muushtaki mduara. Baada ya hapo ndipo mnajifunza kuelezana yale ya chini, kisha mnarudi kwenye ada na ng'ombe mkiwa na njia mpya ya kuyazungumza. Kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 20. Si uganga wa siku moja, ila mkimbiaji hahitaji kuelezwa kwamba maandalizi huchukua miezi.

Nadhani njia hii inawafaa wanariadha kwa sababu inapitia mwilini. Muulize mkimbiaji "unajisikiaje moyoni?" atakwambia "fiti". Muulize kinachokaza ni nini, kiko wapi, kilianza lini, atakueleza kama daktari. Tena kila kocha mwenye akili humfundisha mwanariadha wake tofauti ya uchovu na jeraha: uchovu endelea, jeraha simama. Kwenye harusi yangu hakuna aliyenifundisha tofauti hiyo. Niliambiwa vumilia, basi. Kumbe ndani ya nyumba pia kuna maumivu ya kuendelea nayo, na kuna maumivu ambayo ukiyakimbilia yanakata kano.

Kuna wanaosema mambo ya kueleza hisia ni ya Wazungu, kwamba hata lugha yetu haina maneno yake. Hao hawajasikiliza taarabu. Uchungu, kinyongo, simanzi, wivu, kusononeka, donge la moyo: maneno tunayo tele, ila tumeyaachia waimbaji.

Wazee nao siwadharau. Kikao cha wazee kinajua kugawa shamba na kurudisha mke aliyekimbilia kwao. Lakini swali lake ni moja, nani amekosa? Ukishampata mkosaji, unamtoza, mnakula, mnaachana. Katika kesi yetu wangemkuta mume wangu na kosa la kuficha, au mimi na kosa la mdomo, na ile chupa ingerudi chini ya nyama.

Mambo huwa magumu zaidi pale mume ndiye kocha wa mke, au meneja wake, na huku kwetu ndoa za namna hiyo si chache. Akikaa mezani na kusema "hukujitahidi leo", anayesema ni nani? Kocha au baba watoto? Mke akijibu kwa hasira, amemkosea nani? Halafu pesa zinaingia, na jina kwenye hati ya ploti linakuwa swali ambalo hakuna mtu anayethubutu kuliuliza kwa sauti ya kawaida. Mshauri hawezi kuandika hati, na wala nisingetaka hisia zichukue nafasi ya wakili. Anachoweza ni kumsaidia mume aseme "naogopa kwamba bila saa ya kupimia muda mkononi mimi si kitu kwako", badala ya kuamuru mazoezi zaidi.

Hapa sasa nataka kusema jambo bila kupindapinda. Tiba hii si ya nyumba yenye kipigo. Mkimbiaji wa Kenya Agnes Tirop alikuwa na miaka 25 alipokutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kukimbia kilomita 10 kwa dakika 30 na sekunde 1 huko Ujerumani, wakati huo rekodi ya dunia ya mbio za wanawake peke yao. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji na akakana. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki Paris Agosti 2024, na kabla ya wiki nne kupita alikuwa amefariki hospitalini Eldoret, baada ya mwanamume aliyekuwa mpenzi wake kummwagia petroli na kumchoma moto nyumbani kwake Trans Nzoia. Baada ya misiba hii nimesikia watu wazima wakisema, "wangepelekwa kwa washauri mapema." Hapana. Mtu anayetishiwa maisha hahitaji kuketi kiti cha pili na kueleza hofu yake mbele ya anayemtishia, maana akirudi nyumbani maneno yale yale yatatumiwa kumuumiza. Wataalamu wa tiba hii wenyewe huonya isitumike pale ukatili unapoendelea. Huyo anahitaji mlango wa kutokea, polisi, mahakama chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani, namba ya msaada 1195 inayopigwa bure, au wale waliounda Tirop's Angels, shirika la kupinga ukatili dhidi ya wanawake, baada ya kifo cha Agnes. Vumilia isitajwe kabisa.

Ninachokitaka mimi ni cha mapema zaidi, wakati bado ni ukimya na jaketi. Kambi inampa mkimbiaji kocha, mpishi na fizio. Wakala anachukua asilimia yake. Kwa nini asiwepo mshauri anayekuja kambini mara mbili kwa mwezi, na wake au waume wakaalikwa siku hiyo? Msimu wa mapumziko baada ya marathoni, wakati miguu imelala, ndio wakati mzuri wa vikao. Tena nisingeanza na mabingwa. Ningeanza na vijana waliooana mwaka jana, wale wanaolipwa kuongoza mbio hadi kilomita 30 na kujitoa, ambao hela yao haijawa ya kugombaniwa.

Sisi hatujapona kabisa, msidhani. Jumamosi iliyopita aliingia, akanywa chai, akageukia ukuta. Nikahisi koo linaanza kukaza. Nikamwambia, "Baba, umegeuka tena, na mimi naanza kufukuza." Kimya. Kisha akasema, bado anatazama ukuta, "Ni kisigino. Kile cha kushoto." Nikaenda kuleta chupa. Siku hizi iko rafu ya juu, karibu na maziwa.

Ada tuliigombania kesho yake.