Mbwa wa Maji Hafungwi Getini

Kila ninapopita na Kusi, mbwa wa aina ya Labrador, kuelekea pwani ya Sahare, hapa Tanga, sikosi kuulizwa moja kati ya maswali mawili: je, anauma, na je, anauzwa kiasi gani? Swali ambalo lingefaa kuyatangulia hayo nimeulizwa mara moja tu, na mtoto wa jirani aliyekuwa akinyonya embe mlangoni mwao: "Mjomba, huyu anapenda nini?" Nilimjibu kuwa anapenda maji, kisha chakula, kisha watu, kwa mpangilio ambao hubadilika pindi sufuria inapofunuliwa. Katika jibu hilo ndimo yalimo maoni yangu yote. Labrador ni mbwa mwema mno kwa familia ya pwani iliyo tayari kushuka naye baharini na kuishi naye, na ni hasara tupu kwa mtu anayemnunua ili amfanye mlinzi wa geti.

Kusi hakuwa wangu. Shemeji yangu alimnunua Dar es Salaam akiwa bado mdogo, kwa fedha ambayo dada yangu hadi leo hapendi itajwe mbele za watu, akamjengea banda la matofali na nondo, kisha akaandika getini kwa rangi nyekundu kuwa ndani mna mbwa mkali. Mchana mbwa alikaa bandani peke yake, usiku alifunguliwa azunguke ua. Usiku mmoja wa masika mwizi aliruka ukuta akaondoka na pampu ya maji. Asubuhi tulizikuta kwenye udongo uliolowa nyayo za mtu na nyayo za mbwa zimeandamana sambamba kutoka kisimani hadi ukutani, bila dalili yoyote ya purukushani. Shemeji alitaka kumtoa siku ileile. Nilimchukua mimi, na kwa kuwa upepo ulikuwa umekwisha kugeuka ukawa wa kusi, nikamwita Kusi.

Simlaumu mbwa, kwa sababu hakuna siku alipoumbiwa kazi ile. Asili ya Labrador si eneo la Labrador lenyewe bali ni kisiwa cha jirani cha Newfoundland, huko Kanada, ambako mababu zake walifanya kazi na wavuvi katika maji ya baridi kali, wakivuta kamba za nyavu na kuwarudisha samaki waliochomoka kwenye ndoana. Mwanzoni mwa karne ya 19 meli zilizobeba samaki ziliwafikisha katika bandari ya Poole, Uingereza, na mabwanyenye wa huko wakawapenda kwa kuwaokotea bata na ndege wengine waliopigwa risasi wakaangukia majini. Mwaka 1903 chama cha mbwa cha Uingereza kikamtambua rasmi, na mwaka 1917 Marekani nao wakamwandikisha. Kwa hiyo tangu mwanzo alichaguliwa kwa utii wa kufanya kazi bega kwa bega na mwanadamu, na kwa mdomo laini unaoweza kubeba kitu bila kukitoboa. Mbwa aliyezalishwa kizazi baada ya kizazi amletee mtu kitu mkononi hawezi kugeuka siku moja akamrarua mtu kwa kuwa tu geti limepakwa rangi nyekundu.

Mwili wake nao unasimulia habari hiyohiyo. Kati ya vidole vyake mna ngozi iliyotanda kama ya bata, mkia wake ni mnene penye shina na hupungua kuelekea nchani mithili ya mkia wa fisi-maji, na anapoogelea huutumia kama usukani wa ngalawa. Manyoya yake yana tabaka mbili: la juu fupi na gumu linalomwaga maji, na la chini laini linalozuia baridi. Dume aliyekomaa huwa na kilo 29 hadi 36 hivi, jike pungufu kidogo, na rangi ni tatu, yaani nyeusi, njano na kahawia ya chokoleti.

Aliye na mbwa wa namna hii hana budi kuijua bahari, na nadhani hapa ndipo watu wa pwani tunapowazidi wafugaji wengi. Sisi tunajua kuwa maji hayatusubiri, kwamba kujaa kwake husogea mbele karibu saa moja kila siku, na kwamba wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, yanapokupwa hubaki tope na miamba iliyojaa chaza wenye makali ya wembe. Mbwa hajui hayo. Ataruka tu, na atarudi na nyayo zilizochanika. Mimi humpeleka maji yakiwa yamejaa au yanaelekea kujaa, na humtupia kumbi la nazi, ambalo huelea vizuri kuliko mpira wowote wa dukani na halinunuliwi. Sharti ni kumnyang'anya anapoanza kulitafuna, kwa maana nyuzi zake zikimezwa kwa wingi zinaweza kuziba utumbo.

Yako mambo mawili ya pwani ambayo hayana mzaha. La kwanza ni maji ya chumvi yenyewe. Mbwa anayebeba kitu mdomoni akiogelea humeza maji bila kukusudia, na akimeza mengi atatapika na kuharisha, na yakizidi sana chumvi hiyo inaweza kumuua. Ndiyo maana sitoki nyumbani bila dumu la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na kila baada ya dakika chache humwita atoke anywe na apumzike, kwa kuwa yeye mwenyewe hana breki. La pili ni bunju, yule samaki anayejivimbisha. Wavuvi wakivuta nyavu humtupa bunju mchangani kwa kuwa wanajua sumu yake, na sumu hiyo haiishi kwa samaki kufa wala kukauka juani. Labrador hula kwanza na kufikiri baadaye. Kwa hiyo karibu na vyombo vinaposhusha samaki Kusi hutembea na kamba shingoni, hata akinung'unika namna gani.

Baada ya bahari huja kazi ya nyumbani ambayo wengi huiruka. Chumvi isipooshwa kwa maji baridi huwasha ngozi, na masikio yake yanayoning'inia hufunika unyevu kama kifuniko cha chungu. Mwaka wa kwanza nilizembea, nikaliona kosa langu alipoanza kutikisa kichwa usiku kucha na sikio la kushoto kutoa harufu ya siki. Daktari wa mifugo alimtibu kwa wiki mbili. Tangu hapo kipande cha kanga kuukuu kimetundikwa penye bomba la uani kwa ajili ya masikio yake tu. Safari nyingine mkia wake ulilegea ukaning'inia kama kamba iliyokatika, watoto wakalia wakidhani umevunjika. Kumbe ni hali inayojulikana kwa waogeleaji hawa: misuli ya mkia huchoka kwa kuogelea kupita kiasi, na kwa kawaida hupona ndani ya siku chache kwa kupumzika. Ulipona.

Joto letu ni adui wake wa kweli. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hupoa kwa kuhema, na katika unyevunyevu wa kaskazi, Januari na Februari, kuhema huko hakumsaidii sana. Kusi hutoka saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na mchana kutwa hulala sakafuni penye saruji chini ya dirisha. Wapo walionishauri nimnyoe apate nafuu. Sikubaliani nao, kwa sababu lile tabaka la juu humkinga pia na jua, na likinyolewa linaweza kuota vibaya. Huyu ni mbwa wa kuchanwa mara mbili kwa wiki, na anayechukia kuona manyoya kwenye mkeka na atafute mnyama mwingine.

Kuhusu chakula nitasema wazi kuwa Labrador mnene si dalili ya neema. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kuwa karibu mmoja kati ya kila Labrador wanne ana kasoro ya jeni inayomfanya asihisi kushiba kama wenzake, na mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Labrador 48 uliofanywa kwa maisha yao yote, ambapo waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao. Kwa mbwa ambaye kwa kawaida huishi miaka 10 hadi 12, miaka miwili ni mingi sana. Uzito ukizidi huumiza nyonga na viwiko, ambavyo tayari ni sehemu dhaifu katika ukoo wao. Kusi hula mara mbili kwa siku ugali wa dona kiasi, mboga, na samaki au utumbo wa ng'ombe uliochemshwa. Dagaa wetu wa baharini huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo huwaloweka na kuwasuuza kwanza. Mifupa iliyopikwa hapati, na vitunguu hapati. Macho ya huruma anayo, lakini nimeyazoea.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, pasipo mjadala, na dawa ya kupe pia, ila mbwa wa baharini ana shida yake: dawa ya kudondoshea mgongoni huoshwa na maji anapoogelea mara kwa mara, kwa hiyo daktari alinishauri vidonge.

Limebaki jambo la majirani, na kwa mji wetu huwezi kulipita. Wengi wanaonizunguka ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambamo unyevu wa mbwa ni najisi na kilichoguswa nao huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sasa fikiria mbwa wa kilo 32 anatoka baharini na kujikung'uta kando ya mzee aliyevaa kanzu anayewahi msikitini! Ilitokea mara moja. Nilimwomba radhi mzee yule pale pale, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mbwa hana kosa, kosa la mwenye kamba." Tangu siku hiyo sipiti njia ya msikitini karibu na wakati wa sala, na tunasubiri akauke kabla ya kurudi mtaani. Naona ni haki. Anayeshindwa kuwatunzia majirani nguo zao asilete mbwa wa maji katikati yao.

Kwa watoto wa nyumbani sina wasiwasi naye, ingawa hadi alipofika miaka miwili alikuwa akiwaangusha kwa furaha, na ndala hazikuwa na usalama. Kwa ulinzi, ninaye mbwa wa kienyeji, jike mwembamba wa rangi ya mchanga asiyemwamini mtu yeyote baada ya saa mbili usiku. Hali chakula kingi, joto halimsumbui, na bahari haitaki hata kuiona. Nyumba nyingi za Tanga zingetosheka na huyo, na wenyewe wangelala usingizi mzuri zaidi kuliko kwa Labrador wa bei mbaya.

Shemeji amenipigia simu juzi. Amesikia kuna watoto wa Labrador wanauzwa Arusha na anataka kujaribu tena, safari hii jike, maana ameambiwa majike ni wakali. Nimemwambia kabla hajatuma fedha aje kwanza kulala kwangu, tuamke saa kumi na moja na nusu alfajiri, ashike kumbi la nazi mkononi na ashuke na Kusi majini. Amesema atakuja Jumamosi, ila ameuliza kama maji huwa ya baridi.