Mhandisi wa nguo zenye sensa ajue kushona

Vijana wa uhandisi hapa Kampala wanaotaka kubuni nguo zenye sensa, yaani vifaa vidogo vya kuhisi na kupima mwili, huniuliza sana kuhusu programu za simu. Kitambaa hawakiulizii, na mimi naamini nusu ya kazi hii imo kwenye kitambaa.

Mfano tunao nyumbani. Brian Turyabagye na Olivia Koburongo, waliosoma uhandisi Makerere, walibuni na wenzao jaketi la Mama-Ope la kusaidia kutambua nimonia kwa watoto. Mwaka 2017 liliteuliwa kuwania tuzo ya uhandisi wa Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Linapima joto la mwili, kasi ya kupumua na sauti za mapafu. Sasa fikiria mtoto mgonjwa anayelia na kujinyonganyonga: sensa isipogusa kifua sawasawa, sauti ya pafu haipatikani. Hapo mkato wa jaketi una uzito uleule wa saketi ya umeme.

Halafu kuna kufua. Mwaka huohuo Google na Levi's waliuza jaketi lenye nyuzi za umeme kwa dola 350, nalo lilikusudiwa kuhimili kufuliwa mara 10 hivi. Hapa kwetu nguo inafikichwa kwa sabuni ya kipande, inakamuliwa kwa nguvu zote, inaanikwa juani. Ikifuliwa kila wiki, mara 10 hazimalizi hata miezi mitatu.

Uzi wa nailoni uliopakwa madini ya fedha, unaotumika kwenye nguo hizi badala ya waya, hupitisha umeme vizuri ukiwa mpya. Ukisuguliwa, fedha inachubuka; jasho nalo linaila, na umeme unapita kwa shida. Panapokatika mapema zaidi ni pale uzi laini unapokutana na kipande kigumu cha saketi, kwa sababu mkunjo wote unaishia hapo. Fundi cherehani yeyote wa Kiyembe anaijua tabia hiyo, ndiyo maana huweka kiraka kwa ndani chini ya kifungo. Maarifa hayo mwanafunzi wa umeme hafundishwi darasani, na inaniuma.

Na ngozi yetu je? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vipimo vya oksijeni vya kidoleni, vinavyopima kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi, vilishindwa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Tukisubiri wengine watupimie, tutasubiri sana.

Busitema wanafundisha uhandisi wa nguo, Makerere wanafundisha umeme na mawasiliano. Natamani wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo hivyo wafanye mradi mmoja kwa pamoja, na kabla ya hapo wakae mezani kwa fundi cherehani hadi waweze kuunga mkono wa shati bila kusaidiwa. Wazazi watanung'unika kwamba hawakulipa ada ili mtoto akashone. Wanung'unike tu. Wewe shona fulana yako, mpe anayefua nyumbani bila kumwambia aifue taratibu, ikikauka uipime tena.