Wapeni Watoto Mbegu, na Ufunguo wa Kabati Pia

Kabati la mbegu za kuwaazimisha majirani, likifunguliwa na mwalimu peke yake, si la watoto. Hilo ni pambo la siku ya wazazi. Mtoto wa PP1 au PP2, madarasa ya chekechea, anajua kutofautisha rangi, anajua kuhesabu hadi 10, na anapenda kumpokea mgeni mlangoni kuliko hata sisi. Huduma ya kuazimisha mbegu mtaani haihitaji zaidi ya hayo. Kinachomkwamisha ni mbegu zisizomfaa, na hizo huletwa na watu wazima.

Kosa la kwanza ni kuanza na terere, yaani mchicha. Mbegu zake ni kama vumbi. Mtoto akipiga chafya, msimu umeisha. Malenge nayo yana mbegu kubwa za kupendeza, ila nyuki huchanganya chavua ya malenge ya shule na ya jirani, na mwaka unaofuata hujui utavuna nini. Saga, yaani mgagani, huvunja watu moyo kwa sababu nyingine: mbegu zilizovunwa juzi hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota, na walimu hudhani zimekufa wakazitupa.

Anzeni na maharagwe na kunde. Maua yake hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mtoto wa mmea hufanana na mzazi. Tena punje zinashikika. Nunueni sokoni nusu kilo ya maharagwe ya Nyayo, nusu ya rosecoco na nusu ya wairimu, mzimwage mkekani, muwaache watoto watenganishe. Zilizokunjamana, zilizopasuka na zenye tundu ziende kando. Kisha jaribio: punje 10 ndani ya tishu iliyoloweshwa, kwenye sahani iliyofunikwa, siku 5 hadi 7. Zikiota 8 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota chini ya 6, hizo ni za githeri.

Masharti ya mkopo yawe ya kuhesabika na vidole: ukichukua 10, urudishe 20, yaani 10 mara mbili. Shosho wa ploti ya pili hatalalamika, kwa sababu mche mmoja uliotunzwa vizuri unaweza kutoa zaidi ya hizo. Daftari lisiwe la maandishi. Kila familia iwe na kadi yenye mchoro, kuku kwa huyu, gari la matatu kwa yule, na kifuniko cha soda kiwekwe juu yake mkopo ukitoka. Mkopo ukirudi, mtoto mwenyewe anakiondoa. Hapo mwalimu akae mbali kidogo, hata kama mikono inamwasha.

Mbegu zinazorudi ndizo zenye mtego, maana wengi huzileta zikiwa na unyevu. Watoto wana kipimo chao: wekeni punje moja sakafuni, muigonge kwa jiwe. Iliyokauka hupasuka, ta! Yenye maji hubonyea na kubaki bapa kama tonge lililokanyagwa. Ikibonyea, mzigo wote urudi kivulini kwenye gazeti siku kadhaa, ukigeuzwa kila asubuhi. Msizianike kwenye mabati ya moto. Joto kali huua kiini.

Halafu wadudu. Wale wanaotoboa vidirisha vya mviringo kwenye maharagwe huweza kutaga mayai tangu maganda yakiwa shambani, kwa hiyo chupa kufungwa vizuri si kinga. Kama kuna mzazi mwenye friza, mbegu zilizokauka kabisa zikae humo siku 7 ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa. Zikitoka, chupa isifunguliwe mpaka ipoteze ubaridi, la sivyo mvuke utazilowesha upya. Pasipo friza, changanyeni na majivu yaliyochekechwa, ya kutosha kujaza nafasi kati ya punje.

Usalama hauna mjadala. Mbegu za agroveti, yaani duka la pembejeo, zilizopakwa rangi ya waridi, buluu au kijani zina dawa. Zisifike mikononi mwa watoto. Mbarika pia marufuku, hata kama inavutia. Managu (mnavu) yakipandwa kwa ajili ya mbegu, mtoto asiguse tunda bichi la kijani, kwani lina sumu. Na punje zihesabiwe kabla na baada ya kipindi, kwa kuwa harage huingia puani kwa urahisi na likishapata unyevu huvimba.

Wapo wazazi wanaouliza kama tunawafundisha watoto kuvunja sheria. Swali hilo lilikuwa na uzito: Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ya Kenya ilimtishia mkulima kwa kubadilishana mbegu ambazo hazijaidhinishwa. Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba. Hata hivyo azimisheni mbegu za kienyeji tu, na msiuze.

Kalenda nayo husumbua. Maharagwe yakipandwa Machi mvua ya masika inapoanza, shule hufungwa Aprili yakiwa bado machanga. Panga na bawabu mapema, umwachie maji na sehemu ya mavuno, si maagizo matupu. Na chupa za mbegu zishushwe rafu ya chini kabisa kabla ya kufunga, maana juu, karibu na mabati, mchana wa likizo ni tanuri.