Mkopo Nimepata, Nauli Sina

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu hailali. Nafundisha kemia mkoani Kigoma, na vijana waliopita mikononi mwangu hunitafuta kila mwaka kwa mambo yaleyale. Mwalimu, nichague kozi gani? Mwalimu, cheti cha kifo cha baba bado hakijahakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, nifanyeje? Mwalimu, kuna ufadhili wowote unaoufahamu? Zamani swali hili la mwisho nililijibu kwa kuwatumia orodha ndefu ya fursa. Siku hizi kabla ya orodha namuuliza kijana: nauli unayo?

Aliyenibadilisha ni binti mmoja niliyemfundisha, mwaka 2023. Alilelewa na mama peke yake, kaya yao iko kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, na shule aliimaliza kwa sababu ada ya kidato cha tano na sita ilikuwa imefutwa mwaka uliotangulia. Alipata daraja la pili. Akadahiliwa Dar es Salaam, na majina ya awamu ya kwanza ya mkopo yalipotoka, lake lilikuwamo, tena kwa kiwango cha juu. Kijijini walichinja kuku. Siku nne kabla ya chuo kufunguliwa akaja nyumbani kwangu jioni, akanisalimia, akakaa kwenye mkeka na mke wangu, akanyamaza. Chai ikapoa mbele yake. Mwishowe akasema: "Mwalimu, mkopo nimepata. Ila sina hela ya kwenda kuuchukua."

Nilimwambia alete daftari tukapige hesabu. Nauli ya kutoka Kigoma hadi Dar, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Bima ya afya ya mwanafunzi, shilingi 50,400. Mchango wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, 20,000. Usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi. Malipo ya awali ya chumba cha hosteli. Godoro, shuka, ndoo. Tulipojumlisha tukavuka laki mbili na themanini, na hapo hajala hata sahani moja ya wali.

Watu wengi walio nje ya vyuo hawajui sehemu hii. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu unagusa ada, chakula na malazi, vitabu na viandikia, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Ile michango midogomidogo ya kuingilia chuoni haimo. Na fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wote huiita boom, haimsubiri mtu getini. Kwanza usajiliwe, na usajili unadai ile michango. Kisha chuo kitume taarifa zako, kisha uitwe kusaini kwa alama za vidole, kisha benki. Ikienda vizuri ni wiki mbili. Ikienda vibaya inapita mwezi. Kiwango kimepanda hadi shilingi 10,000 kwa siku, na naishukuru serikali kwa hilo, lakini elfu kumi ya mwezi ujao hainunui chakula cha leo.

Mimi mwenyewe nimeyaishi hayo. Mwaka wangu wa kwanza nilibebwa. Aliyewahi kukaa hosteli ananielewa: unalala kitanda kimoja na mwenzako mwenye chumba, mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, alfajiri unatoka kabla mlinzi hajapita. Mchana napiga pasi ndefu, chai ya asubuhi mpaka ugali wa usiku. Madesa ya kemia, yaani makabrasha ya masomo, yalikuwa yanauzwa stesheneri nami nikiyatazama tu kwenye kioo, kwa hiyo jaribio la kwanza nililifanya kwa kuazima daftari la jirani usiku. Muhula ule nilisapu, yaani nilirudia mitihani, masomo mawili. Hadi leo nikiona kijana mwenye akili anafeli muhula wa kwanza, siharakishi kusema hakusoma. Nauliza alikula wapi.

Turudi kwenye ufadhili wenyewe. Kwanza tuache kuuita mkopo ufadhili, maana nawasikia hata wazazi wakipongezana kwamba mtoto amefadhiliwa. Mkopo ni deni. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Afadhali mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa, na wale waliokuwa wakilipa bila kuona deni likipungua walipumua. Bodi ilianza kazi mwaka 2005, na bila hiyo mimi nisingekuwa mwalimu, kwa hiyo siidharau hata kidogo. Ila deni ni deni.

Ufadhili wa kweli, usiorudishwa, tunao, na unazidi kuongezeka. Samia Scholarship ilianza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa ajili ya waliofanya vizuri sana katika tahasusi za sayansi kidato cha sita. Benki Kuu ina mfuko wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere tangu 2009, na kwa shahada ya kwanza umewatazama wasichana wanaong'ara kwenye hisabati na sayansi. Nimewahi kumwona mwanafunzi wetu akipata ufadhili wa namna hiyo, nikaona jinsi mabega ya baba yake yalivyoshuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nataka fedha hizo ziongezeke.

Lakini angalia zinavyochagua. Zinatazama alama za juu kabisa. Yule binti niliyemfundisha, wa daraja la pili, hayumo. Vyuoni nako kuna zawadi za mwanafunzi bora wa mwaka, cheti na fedha taslimu, na hizo humfikia mtu ambaye tayari amevuka mto. Kati ya kinara wa kitaifa na mwanafunzi bora wa chuo wamekaa maelfu ya vijana wa kawaida wenye uwezo wa kumaliza shahada, na kinachowatoa chuoni au kuwarudisha nyuma mara nyingi ni kiasi ambacho mtu mwingine anakimaliza kwenye sherehe moja ya Jumamosi.

Wenzetu wengine wameliona hili. Mastercard Foundation, katika mpango wake wa ufadhili ulioanza 2012, haiishii kwenye ada. Hugharimia pia mahali pa kulala, vitabu na fedha ya kujikimu. Na kuna mfano ninaoupenda zaidi, wa chuo kikuu cha Georgia State kule Atlanta, Marekani. Walichunguza kwa nini wanafunzi wao wanafutwa usajili, wakakuta wengi wanadaiwa kiasi kidogo tu, tena baadhi yao wako ukingoni kuhitimu. Mwaka 2011 wakaanzisha misaada midogo ya kuziba pengo hilo. Kilichonigusa ni kwamba mwanafunzi haandiki maombi. Chuo chenyewe kinaangalia hesabu zake, kinaona nani masomo yake yako sawa ila anakwama kwa deni dogo, kisha kinamfuata. Hakuna insha ya kueleza umaskini wako. Hakuna barua tatu za wadhamini. Sisi tunamwambia mtoto aliyekosa nauli akatafute mhuri wa mtendaji, nakala zilizothibitishwa na mwanasheria na picha za pasipoti, na kila kimoja kati ya hivyo kina bei.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, nami nawaelekeza hasa ninyi mnaotaka kuanzisha ufadhili mdogo: wahitimu wa zamani wenye kundi la WhatsApp, msikiti, kanisa, chama cha watu wa nyumbani walioko mjini, mfanyabiashara aliyepata. Msikimbilie kumlipia mtoto mmoja ada ya miaka mitatu. Ada ni kubwa, itawachosha mwaka wa pili, na mkimwacha njiani mtakuwa mmemuumiza. Chukueni fedha hiyohiyo mkawavushe watoto kumi wiki sita za kwanza.

Najua kuna atakayesema kijana akipewa hela mkononi ataichezea. Siku hizi malipo ya vyuo vya umma yanapita kwenye namba ya malipo, ile tunayoiita kontroli namba. Mwanafunzi anakutumia namba hiyo, unalipa kwenye simu ukiwa Kariakoo au Mwanza, fedha inaingia chuoni moja kwa moja. Tiketi ya basi unaikata mwenyewe kwa jina lake. Kinachobaki ni hela ya kula, na hapo nakuomba umwamini. Mtoto aliyetoka kwenye kaya ya mlo mmoja anajua kuhesabu shilingi kuliko mimi na wewe.

Binti yule tulimchangia walimu sita pale shuleni. Haikuwa mpango, ilikuwa dharura. Mwaka uliofuata tukawatafuta wahitimu wetu wa zamani, wengine wauguzi, mmoja dereva wa lori, tukakubaliana elfu kumi kila mwezi kwa kila mtu. Fomu hatuna. Walimu wa madarasa wanajua nani nyumbani kwao moshi hautoki, wanatupa majina kimya kimya, na hatumpigi mtoto picha. Mwaka wa kwanza tuliwavusha watano. Hakuna aliyeacha chuo akarudi nyumbani.

Binti yule sasa anamalizia shahada. Mwezi uliopita amejiunga na kundi letu, akatuma elfu tano kutoka kwenye boom lake. Nilimpigia kumwambia asubiri kwanza aajiriwe. Akanijibu, "Mwalimu, mwenyeji wangu wa chumba cha kwanza alinibeba wiki tano na yeye mwenyewe alikuwa hana." Orodha yetu ya Oktoba ina majina tisa. Hadi leo tumeshapata fedha ya sita.