Pesa ya leseni ya klabu ifike mpaka steji

Nimefanya kazi ya weita miaka minne kwenye klabu moja kando ya barabara kuu, na nikwambie ukweli, nilikuwa naogopa zaidi nikitoka kazini kuliko nikiwa kazini. Ndani kuna baunsa, kuna taa, kuna meneja, kuna wenzako. Lakini ukishapiga hesabu na kaunta saa tisa usiku ukatokea mlango wa nyuma, unabaki na giza mpaka steji ya matatu, kama mita mia tatu hivi, viatu umebeba mkononi ndio ikibidi kukimbia ukimbie. Tulikuwa tunatembea watatu watatu. Kuna usiku mwenzetu alipigiwa simu mtoto ana homa, hakutungoja, akaporwa simu na pesa yote ya siku, akasukumwa kwa mtaro akavunjika mkono. Kesho yake kanjo, askari wa kaunti, wakaja kukagua leseni. Wakaikuta ukutani, imelipiwa, stempu iko, wakaenda. Wa kuuliza habari ya ule mtaro hakuna.

Wengi bado wanafikiri mambo ya pombe ni ya serikali kuu na polisi. Tangu Katiba ya Kenya ya 2010 leseni za pombe ni kazi ya kaunti, iko kwa Jedwali la Nne, na ukiendelea kusoma ukurasa huohuo utakuta taa za barabarani ni za kaunti, barabara za kaunti ni zao, kelele ni zao, usafiri wa umma pia umo. Kwa hivyo anayepokea pesa ya leseni ndiye huyohuyo anayetakiwa kuweka balbu pale nje, na mimi sijawahi kuelewa kwa nini hizo ofisi mbili zinaishi kama hazijuani.

Ile sheria ya pombe ya 2010, tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, ilileta masaa, baa ya kawaida kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, wikendi kuanzia saa nane mchana, baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule, aliye chini ya miaka 18 asiuziwe. Sipingi hata moja. Nimeona vijana wa sare za shule wakiletewa chupa chini ya meza na nikagombana na wenyewe. Lakini angalia vizuri, masharti yote hayo yanaishia mlangoni. Mteja akivuka kizingiti, amelewa, simu haina chaji, boda anamwitisha mara tatu ya nauli, leseni haimjui tena, na weita aliyemhudumia haimjui kabisa.

Novemba 2022 kaunti ya Nairobi ilitangaza haitatoa tena leseni za naiti klabu kwenye mitaa ya makazi. Niliwaelewa wakazi, mimi pia nina mtoto na najua ile besi inavyotetemesha dirisha saa nane usiku ukiwa umembembeleza dakika arobaini. Wana haki ya kulala. Ila niliwaza jambo moja ambalo sikulisikia kwa wale waliokuwa wanashangilia: klabu ikitoka mtaani itaenda wapi? Itaenda kwenye magodauni na barabara za malori, mahali mchana kuna watu na usiku hakuna hata kibanda cha mayai boilo, na sisi wa zamu ya usiku tutaifuata huko kwa sababu ndiko mshahara uliko. Kelele imehama sawa, lakini hatari imeongezeka, na hakuna aliyebajeti taa moja.

Uingereza wana kitu nimekisoma sana. Sheria yao ya mwaka 2011 iliruhusu halmashauri kutoza ada ya ziada kwa wanaouza pombe kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na Newcastle wakawa wa kwanza kuianza 2013. Ndogo ni pauni 299 kwa mwaka, kubwa kabisa ni pauni 4,440, kulingana na thamani ya jengo na aina ya biashara. Ikishatolewa gharama, angalau asilimia 70 inaenda kwa upande wa polisi, inayobaki halmashauri inatumia kwa mambo ya usiku, hata kufagia barabara. Mimi ule mgawanyo ningeupindua, polisi wangepata kidogo na taa zingepata nyingi, na pia tusidanganyane kwamba iliwaendea vizuri wote, Cheltenham walianza 2014 wakaiacha kwa sababu pesa ilikuwa kidogo kuliko walivyotarajia. Lakini kanuni imeandikwa kwa sheria: pesa iliyotoka usiku, sehemu yake inarudi usiku.

Na vingine havihitaji hata bajeti kubwa. Tangu 2003, kule Brixton, London, watu wa kanisa walianza kuzunguka usiku wakijitolea, wanawapa watu maji, na wasichana waliovua viatu vya kisigino wanapewa ndara wasikanyage vioo. Ndara tu! Niliposoma hapo nilikumbuka miguu yetu.

Najua wenye klabu watasema wamechoka kutozwa, na ni kweli, leseni ya huyu na kibali cha yule haviishi. Siombi ada mpya. Sheria ya 2010 yenyewe iliunda mfuko wa kuingizia ada za leseni za pombe, kwa hivyo wazo la kutenga hiyo pesa lilishakuwepo kwetu. Kaunti itenge fungu linalojulikana, itangaze limeingia ngapi na limewasha taa wapi. Na kwenye leseni yenyewe iongezwe sharti kwamba mbele na nyuma ya klabu kuna taa, na wafanyakazi wa kufunga wana gari la kuwafikisha.

Wengine wataniuliza kwa nini pesa ya umma iwalinde walevi. Simama steji saa tisa usiku uhesabu walio wazima: mpishi, soja, boda, nesi anayetoka zamu, mama wa mayai.

Bajeti ya kaunti inatakiwa iwe imefika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na kabla ya hapo huwa kuna vikao vya maoni ya wananchi. Mwaka huu nilienda. Kiliwekwa saa tatu asubuhi, wenzangu wote wamelala, nikawa peke yangu wa kazi ya usiku ukumbi mzima, na taa za nyuma ya klabu zikapata dakika mbili kabla ya chai. Nimeshawapelekea barua kuomba kikao cha mwaka ujao kiwe saa tisa mchana, kabla zamu hazijaanza. Mwenzangu wa ule mkono amesema atakuja.